Kila Fundo la Nyumba ya Ghalib

Zuleikha binti Awadh alikuwa amezaa mara mbili, na mara zote mbili hakuwepo. Mwili wake ulikuwepo, juu ya meza ya daktari wa Kidachi, yaani Mjerumani, kule Dar es Salaam. Mwenyewe alikuwa amenusishwa dawa ya usingizi. Mtoto wa kwanza alikuwa amekingama tumboni, na bila kisu wangekufa wote wawili. Wa pili alikaa vizuri, lakini daktari alisema tumbo lililopasuliwa linaweza kuchanika kwenye kovu wakati wa uchungu, akapasua tena. Hakusema uongo. Makovu huchanika, ingawa si yote.

Zuleikha hakubishana na hilo. Lililomkera ni kwamba kila alipozinduka, mtoto alikuwa amekwisha kuonwa na daktari, na wauguzi, na mumewe, na mfagiaji wa varanda.

"Mfagiaji ndiye aliyeniambia ni mwanamume," alikuwa akisema. "Mfagiaji, na ufagio mkononi! Huyu wa tatu nitamwona mimi kwanza, na nitamwona hapa hapa kisiwani Chole."

Ghalib, mumewe, alikuwa mfanyabiashara wa nazi. Alimpenda mkewe na aliogopa karibu kila kitu. Mwezi wa mwisho wa mimba alikodi mashua ya nahodha Kombo na kuifunga kwenye mkoko mbele ya nyumba. Mume na mke wakakubaliana hivi: uchungu ukianza, Zuleikha atajaribu nyumbani; maji ya bahari yakijaa na mtoto hajatoka, atapakiwa mashuani aende akapasuliwe. Kwamba mashua huchukua zaidi ya siku moja kufika Dar es Salaam, na mtoto wa tatu kwa kawaida hasubiri kiasi hicho, Ghalib hakulipima.

Uchungu ulianza asubuhi. Mkunga, Bi Mwanamkuu, akaletwa kutoka Juani, kisiwa cha jirani. Alikuwa amewazalisha wanawake wengi wa visiwa vile, lakini tumbo lililoshonwa hakuwahi kuliona. Aliliinamia kovu kama mtu anayekagua paa linalovuja.

"Wakubwa zake wametokea hapa, wote wawili?"

"Wote."

"Basi tuna kazi. Na huyu naye anajua njia ya kwao ni hii. Nani atamwambia kuna mlango?"

Akachukua kanga, akaizungushia tumboni mwa Zuleikha na kuifunga mafundo matatu, ili kuziba ukuta. Kanga haizuii kovu kuchanika. Aliifunga kwa ulegevu, kwa hiyo haikudhuru pia.

Ndipo akaingia Bimkubwa, mama yake Ghalib. Bimkubwa alishika desturi ya wazee kwamba nyumba yenye mwanamke anayejifungua haiachwi na kitu kilichofungwa, iwe kufuli, sanduku, fundo au nywele zilizosukwa, maana kinachofungwa nje humfunga mtoto ndani. Alikuwa amekwisha kuzunguka nyumba nzima. Masanduku yalikuwa wazi, kuku walikuwa juu ya kitanda, na mbuzi aliyefunguliwa kamba alikuwa barazani akitafuna mkeka. Bimkubwa akaiona kanga.

"Nani kafunga hii?"

"Mimi," alisema Bi Mwanamkuu.

"Unamfunga mzazi?"

"Nafunga ukuta. Mlango uko wazi."

"Fundo ni fundo! Fundo linajuaje huu ukuta na huu mlango?"

"Na mtoto akitokea huku juu, utampokea wewe na mdomo wako huo?"

"Mwenye mdomo huu kazaa saba, na wote kwa mlango!"

"Jamani, mama zangu," alisema Zuleikha, uchungu ulipompa nafasi, "mimi nipo."

Hawakumsikia. Mmoja alifungua mafundo, mwingine akayafunga; yakafunguliwa tena, yakafungwa tena. Mwishowe Bi Mwanamkuu akaiwekea kanga viganja vyote viwili na kuapa kwamba atakayeigusa atamng'ata. Bimkubwa akaona lililobaki ni kutafuta mafundo ya nje. Akatoa kichwa dirishani.

Ghalib alikuwa barazani akiyatazama maji yanavyopanda. Kwa joto alikuwa amevua kanzu, amebaki na fulana na kikoi.

"Ghalib! Kikoi hicho umekifungaje?"

"Kwa fundo, Mama. Bila fundo hakikai." Alikuwa mwembamba.

"Mkeo anataabika, na wewe umejifunga kama gunia la mchele! Fungua!"

"Nikifungua nitakishikia na nini?"

"Mikono Mungu kakupa ya nini?"

Akafungua, akakishika kwa mkono mmoja.

"Una fundo jingine?"

Ghalib hakuzoea kumdanganya mama yake. "Kamba ya mashua."

"Kafungue."

"Mashua ni ya Kombo, Mama."

"Umeikodi au hukuikodi?"

"Nimeikodi."

"Basi fundo ni lako. Kafungue!"

Wapo waliosema baadaye kwamba Bimkubwa alijua anachokifanya. Hakuna ushahidi. Kinachojulikana ni kwamba Ghalib, ambaye tangu utotoni alitii kwanza na kufikiri baadaye, alishuka ufukweni, akalifungua fundo kwa mkono mmoja na meno, kisha akasimama kuona matokeo. Matokeo yalikuwa kwamba mkondo uliichukua mashua taratibu kuelekea Juani. Nahodha Kombo alikuwa ndani yake, amelala, kilemba usoni.

"Kombo! We Kombo!"

Kombo akainuka, akaiona Chole inakwenda.

"Bwana Ghalib! Mbona mnaniacha?"

"Wewe ndiye unayeondoka!"

"Mimi nilikuwa nimelala, bwana! Nitaondokaje?"

Ghalib akaingia majini. Yalimfika magotini, halafu mapajani. Kamba ilikuwa mbele yake, inaelea. Akajirusha kuidaka kwa mikono yote miwili. Kamba akaikosa, na kikoi kikaifuata mashua.

Chumbani, Zuleikha alikuwa amepiga magoti juu ya jamvi, ameshika fito za dirisha la pili, uso baharini. Bimkubwa alikuwa bado katika dirisha la kwanza, kichwa nje.

"Jisitiri, Ghalib! Majirani!"

"Kwa kitu gani, Mama?"

"Kwa chochote! Kwa jani! Kwa pweza!"

Zuleikha akacheka. Misuli anayochekea mtu ndiyo hiyo hiyo anayosukumia mzazi. Hilo si jambo la imani. Alicheka, akashika tumbo kwa mkono mmoja, akacheka tena, na Ghalib alipojaribu kujisitiri kwa kuketi majini, wimbi likamsimamisha. Kicheko kilichofuata kilimtoa mtoto kichwa, na kilichofuata hicho kikamtoa mzima. Zuleikha akaachia fito na kumpokea mwenyewe.

"Ni msichana," alisema.

"Wapi?" aliuliza Bimkubwa, akimtafuta pwani.

"Bado," alisema Bi Mwanamkuu, viganja juu ya kanga. "Naulinda. Ukuta haujafunguka."

Mtoto akalia. Wazee wawili wakageuka kwa pamoja.

Bi Mwanamkuu akakata kitovu, akalikagua kovu, akangoja kondo la nyuma litoke, akapima damu kwa macho. Kovu lilikuwa zima. Daktari angeiita bahati, na asingekosea.

"Mafundo yangu matatu yalikuwa yamefungwa," alimwambia Bimkubwa. "Na mtoto katoka."

"Katoka mashua ilipofunguliwa," alijibu Bimkubwa. "Hujaona?"

Waliendelea hivyo. Mlangoni akatokea Ghalib, analowesha sakafu, amejizungushia mkeka wa barazani. Tundu alilolitafuna mbuzi lilikuwa limeangukia mahali pabaya, akaliziba kwa kiganja.

"Salama?" aliuliza. "Nimwone."

Zuleikha hakuinua macho. Mtoto alikuwa amekunja uso kama mtu aliyeamshwa kabla ya wakati, na ana nywele nyingi, na sikio moja limejikunja.

"Subiri," alisema. "Bado namtazama."