Firigisi Iliyofunga Klabu ya Wanyonyi

Jengo lile Wazungu walilijenga walipokuwa wakitafuta dhahabu Kakamega. Dhahabu ikawaishia, nao wakaenda zao. Mhindi mmoja akaweka humo ngozi za ng'ombe kwa miaka ishirini. Mwaka wa Uhuru, Wanyonyi akalikodi, akalipaka chokaa, akaandika mlangoni: KLABU YA JAZI. Mvua ikinyesha bado lilinuka ngozi. Watu walicheza hivyo hivyo.

Mimi nilikuwa mwimbaji. Tena nilikuwa mpishi, maana Wanyonyi alisema anayeimba hutumia mdomo tu, mikono imekaa bure.

Halafu baraza la mji likaleta barua. Bwana afya angekuja Jumamosi mchana, na asipotia sahihi, klabu ifungwe. Nikaogopa kweli. Mahali pengine pa kuimba palikuwa kanisani tu, na kanisani walishanifukuza kwa sababu ya klabu.

Wanyonyi akachinja jogoo. "Mildred, mgeni ni Mluhya mwenzetu, mtu wa Kabras. Sina haja ya kukufundisha."

Kweli hakuwa na haja. Kwetu firigisi ni ya mwanamume unayemheshimu. Mgeni wa namna ile asipoiona sahanini, umemtukana yeye na ukoo wake.

Sasa, jikoni alikuwa amekaa Kipruto, mpiga gitaa wetu, Mnandi. Nilimpenda yule mtu, sifichi. Miezi minane namwimbia yeye, yeye anaangalia nyuzi! Nikasema potelea mbali. Nikatia firigisi kwenye kisahani, nikamsogezea kimya. Kwetu hiyo inapita barua ya mapenzi.

Bwana afya akakagua choo, akakisifu. Akagonga kuta, akazisifu. Akaketi kula. Akageuza mapaja, akageuza shingo, akachungulia hadi chini ya mchuzi.

"Mzee Wanyonyi," akasema, "huyu kuku aliishi bila firigisi?"

Wanyonyi akanitazama. Mimi nikatazama dari.

Mgeni akanawa mikono, ugali hajauonja. Akaandika kwamba jengo lina upungufu. Saa kumi mlango ukatiwa kufuli.

Tukakaa nje na ngoma zetu. Wanyonyi alilia waziwazi, mtu mzima na ndevu zake. Mimi nilijipa moyo: ukumbi umekwenda, lakini mtu ninaye. Nikamwuliza Kipruto polepole kama alielewa nilichompa kule jikoni.

"Kile kinyama?" akasema. "Pole, dada. Kilikuwa kigumu, nikamtupia paka."