Makali ya Mkono wa Kushoto

Cheche zilitangulia jua. Kabla mwanga haujapenya kwenye uchochoro, kabla maduka hayajainua milango yake, cheche za Shoto zilikuwa zimeshaamka: zinachomoka kwenye jiwe, nyekundu, kisha njano, kisha hakuna kitu. Zilizaliwa na kufa kabla hujasema moja. Shoto alizipenda kwa sababu hiyo. Hazikumwomba aziamini.

Alikuwa mnoaji. Visu vya jikoni, mikasi, mashoka, majembe, mapanga. Alikanyaga pedali, jiwe likazunguka, chuma kikalia. Mkono wa kushoto ndio uliotangulia tangu utotoni. Viboko vya shule havikuubadilisha, na mtaa ukamwita kwa mkono wake. Alisimama upande ambao wanoaji wengine hawasimami, na makali yake yakalalia upande ambao makali ya wengine hayalalii. Ungemmwagia visu mia mezani, angekuchagulia vya kwake amefumba macho, kwa kupapasa tu.

Alijivunia hilo. Alijivunia kupita kiasi.

Kazi aliirithi kwa baba, pamoja na jiwe, pamoja na pedali inayolia kama kifaranga, pamoja na sheria moja: usiulize chuma kinakwenda wapi. Mteja ameleta kisu, mpe makali, mshukuru, mwite anayefuata. Baba alikufa. Sheria ikabaki, inakula na kulala pale pale.

Nyuma ya pazia, chumba cha pili, mama yake alishona sare za shule. Jiwe likizunguka huku, cherehani inazunguka kule, na mama na mwana wakazungumza hivyo kutwa nzima bila kutamka neno. Cherehani ikisimama kidogo, Shoto alijua uzi umekatika. Ikisimama sana, alijua mama anamwaza yeye.

Kisha siku ile.

Mchana mweupe, watu wa ng'ambo ya reli walivuka na mapanga. Ugomvi ulikuwa wa kiwanja cha soko, nani apange meza yake wapi. Ulianza kuwa wa mbao na maturubai, ukaishia kuwa wa nyama na mifupa. Shoto alikuwa mjini, amekwenda kununua mkanda mpya wa jiwe. Mama alikuwa peke yake mlangoni, mkasi mkononi, mkasi alionoa Shoto asubuhi ile ile, mkasi wa kupasua unywele. Mwanamume mmoja akaingia. Panga juu.

Mama akauweka mkasi mezani.

Simama hapo, wewe unayesoma, maana mtaa mzima ulikwama hapo na haujakwamuka. Aliuweka mkasi mezani, taratibu, kama mtu anayetua kikombe cha moto. Panga likashuka mara moja, likamchana mkono kutoka kwenye kiwiko hadi karibu na kiganja. Halikupanda tena. Yule mtu aliutazama mkasi uliolala, akamtazama mama aliyesimama, akaliachia panga sakafuni na kukimbia.

"Ningeushika mkasi, mngenizika," mama alisema.

"Ungeushika mkasi, asingekugusa," Shoto alisema.

Walisema hivyo asubuhi, walisema hivyo jioni, na vidole viwili vya mama, ambavyo havikukunjika tena, vilikaa katikati yao kama mashahidi waliokatazwa kusema. Gundi, fundi viatu wa upande wa pili wa uchochoro, alichoka kuwasikia. "Nyinyi mama na mwana ni mkasi wenyewe," alisema, misumari mdomoni. "Mmefungwa kwa msumari mmoja, na kazi yenu kuumana."

Vijana walikusanyika. Walitaka kuvuka reli, na Shoto alikuwa mbele yao, kifua wazi, ulimi unawaka. Mama akatoka na bandeji yake, akaweka kigoda kwenye mdomo wa uchochoro, akaketi. "Atakayevuka reli kwa ajili ya mkono huu," alisema, "mkono huu hautamshonea tena hata kifungo." Mmoja akacheka, kicheko kichungu. Mwingine akatema mate. Hawakuvuka.

Na wale wa ng'ambo hawakurudi. Mtaa ukasema: mnaona, msamaha umetulinda. Shoto akatafuna neno hilo kama punje ya mchanga kwenye wali. Umetulinda, au wameshiba? Umetulinda, au wanangoja tusahau kufunga milango? Kimya ni kimya; hakina lebo ya kusema kimeshonwa na nani.

Shoto hakuamini.

Baadaye yule mtu aliletwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Alilia, na Shoto aliyachunguza machozi yale kama anavyochunguza bati lililopakwa rangi ili lionekane chuma cha pua. Mama akamsamehe. Tena akafanya lililomtia Shoto wazimu: akamrudishia panga lake. Alikuwa amelificha chini ya cherehani wiki zote zile. Shoto aliwahi kumwomba, "Mama, nilione tu," na mama akajibu, "Mapanga unayaona kila siku, hayajakutosha?" Sasa akalitoa likiwa ndani ya kitambaa cha buluu, mabaki ya sare, kilichoshonwa pande zote kama mto.

"Ni kitendea kazi chako," alimwambia. "Ukipata kazi, lilete alinoe mwanangu. Usilifungue kabla."

Shoto alitoka nje ya ofisi ile akapiga teke ndoo ya watu.

Miezi ikapita, jiwe likazunguka. Alimshuku kila aliyepita na mguu mwepesi. Alimshuku aliyemsalimu mara mbili. Alimshuku hata Mungu, kidogo, pembeni, pasipo kusema. Akamshuku mama: kwa nini alilificha? Mtu hafichi kitu ambacho amekwisha kukisamehe.

Ndipo asubuhi moja kivuli kikasimama juu ya jiwe, cheche zikakosa pa kuangukia.

"Habari za kazi, ndugu."

Alikuwa yeye. Amekonda, ndala za rangi mbili, na kwapani kitambaa cha buluu.

"Ndugu yako nani?" Shoto akauliza.

"Nimepata kibarua. Kukata majani ya ng'ombe, kule bondeni. Wanataka mtu mwenye panga lake."

"Wanoaji wa kwenu wamekufa wote?"

"Wapo. Lakini mama alisema nilete hapa."

"Usimwite mama."

"Nimwiteje?"

Ng'ambo ya uchochoro Gundi akanyanyua nyundo. "Shoto! Mpe bei au mpe kofi, mnanizibia mwanga."

Nyuma ya pazia cherehani ilisimama. Haikuwa uzi.

Shoto akalipokea furushi. Sikilizeni mkono wake wa kushoto: ulitulia, na alijua utulivu ule, ni ule unaomjia kabla ya chuma kigumu. Jiwe hapa. Panga hapa. Shingo ya yule mtu pale, hatua moja, ina mshipa unaopiga. Nani angemlaumu? Alichana mishono ya mama mmoja mmoja. Buluu ikafunguka. Panga likatoka na kutu yake, kutu ya miezi, na doa jingine jeusi zaidi ambalo halikuwa kutu.

Akafanya anachofanya kwa kila chuma. Akapitisha kidole gumba, polepole, kutoka kwenye mpini hadi kwenye ncha.

Makali yalilalia upande ule.

Akapitisha tena. Akaligeuza, akalitazama dhidi ya mwanga, na mikwaruzo ikamtazama, myembamba, sawasawa, yote imeinama kuelekea huko huko, kama majani yaliyozoea upepo mmoja. Hakuna mnoaji mwingine mjini aliyeinamisha chuma hivyo. Ungemmwagia mapanga mia mezani, angelichagua hili amefumba macho.

"Lilinolewa wapi hili?" Sauti iliyomtoka Shoto ilikuwa kama ya mtu mwingine.

"Hapa."

"Lini?"

"Siku mbili kabla. Tulikuja na gunia zima. Ulikuwa unaimba." Yule mtu akatazama ndala zake. "Mimi niliogopa utauliza. Nilikuwa nimeandaa uongo kabisa. Hukuuliza."

Gunia. Alilikumbuka gunia. Alikumbuka furaha ya siku ile, kazi ya wiki nzima kwa asubuhi moja. Jinsi alivyoyapitisha moja baada ya jingine, kila panga likitoka likiwaka, jinsi alivyowarushia wenyewe mzaha kwamba shamba lao litajuta. Malipo yale ndiyo aliyoyapeleka mjini kununulia mkanda. Na mkanda ndio uliomweka mbali na mlango wa mama yake.

Usiulize chuma kinakwenda wapi. Chuma kilikwenda, kikamkuta nyumbani.

Pazia likasogea. Mama alisimama na futi shingoni, mkono mbaya umekumbatiwa na mzuri.

"Ulijua," Shoto alisema.

"Tangu lilipokuwa sakafuni. Mkasi wangu nausukuma miaka yote hii, nisiyajue makali yako?"

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini, mwanangu? Ulikuwa unatafuta mtu wa kumkata. Ningekutajia, ungeanza na mkono wako mwenyewe. Nani angeninolea?"

Gundi, kule kwenye viatu vyake, aliacha kugonga.

"Kwa hiyo ulinisamehe mimi."

"Niliwasamehe pamoja. Nilishona mfuko mmoja tu, kitambaa kilikuwa kidogo." Kisha akamgeukia yule mtu, na Shoto akaona jambo ambalo miezi yote hakuliona, kwa sababu hakuwa amemtazama mama, alikuwa akimtazama adui: kiganja kizima cha mama kilikuwa kimeshika ukingo wa meza, na kucha zimekuwa nyeupe. "Na wewe usijidanganye," mama alimwambia. "Nakuogopa. Nikisikia ndala zako moyo unanitoka. Nimekusamehe na ninakuogopa, vyote viwili. Usiniletee maneno kwamba nimepona."

"Sileti maneno, mama."

Safari hii Shoto hakumkataza.

Alilitazama panga. Alitaka kulivunja. Alitaka kulirusha kwenye mtaro, alitaka kumwambia yule mtu ang'oe majani kwa meno. Angeweza pia kulinoa na kulirudisha akiwa kimya, kama baba, kama jana, kama siku ya gunia. Hiyo ndiyo ingekuwa rahisi kuliko zote, na ndiyo iliyomtisha kuliko zote.

Akakohoa. Maneno yalikuwa mageni mdomoni, yenye kona.

"Linakwenda kufanya kazi gani?"

"Nimekwambia. Majani ya ng'ombe."

"Ya nani?"

"Ya muuza maziwa. Yule mwenye banda la mabati, bondeni, kabla ya daraja."

"Litalala wapi?"

"Litalala..." Yule mtu alifikiri. "Litalala kwake. Bandani. Sitakwenda nalo nyumbani."

"Nitakuja kuona."

"Njoo."

"Nakuja sasa hivi."

"Mnoaji gani anamsindikiza mteja?" Gundi aliuliza, lakini sauti yake haikuwa na mzaha ndani.

Pedali ikalia. Jiwe likazunguka. Kutu ikaruka kwanza, vumbi jekundu lililomwingia Shoto puani likiwa na harufu ya kitu anachokijua, kisha cheche zikaja, na yule mtu akarudi nyuma hatua moja, na mama akarudi nyuma hatua moja, na mnoaji peke yake ndiye hakuwa na mahali pa kurudi. Mkono wa kushoto ukatangulia. Makali yakalalia upande wake. Hakuyapunguza, hakuwahi kutoa kazi mbovu, na hakujua kama hiyo ilikuwa heshima au ule ule wazimu wa siku ya gunia.

Walishuka bondeni, yule mtu mbele, Shoto nyuma. Panga alilibeba Shoto. Mara mbili yule mtu aligeuka kutazama panga mkononi mwa mwenzake, na Shoto akauona woga ule, akautambua. Ulikuwa woga wa mama: ukingo ule ule wa meza, umeshikwa na mkono mwingine. Yaani naye alikuwa amemgeuzia mgongo mtu mwenye panga, akatembea. Mjinga, Shoto aliwaza. Au mama amemwambukiza.

Muuza maziwa alikuwepo. Banda la mabati lilikuwepo. Ng'ombe walikuwepo, wamekonda, wanatafuna upepo. Mpaka hapo hakuna aliyedanganya.

Shoto akampa yule mtu panga, mpini mbele.

Likainuliwa. Mwili wote wa Shoto ukaruka, akajichukia. Likashuka, majani yakalala. Likainuliwa tena, akaruka tena. Alisimama pale hadi jua likafika utosini, na kila panga lilipopanda aliuona mkono wa mama, na kila liliposhuka aliona majani.

Adhuhuri yule mtu akajifuta jasho, akamletea panga, mpini mbele.

"Linaanza kuwa butu," alisema. "Majani yana michanga. Kesho nilete?"

"Lete," Shoto akajibu. "Nitakuuliza tena."

"Uliza."

Shoto hakuamini. Lakini alimrudishia panga, yule mtu akarudi kwenye majani, likapanda, na juu kabisa, kabla halijageuka kushuka, jua likagonga makali na cheche moja ikaruka, nyeupe, bila jiwe, bila sauti. Aliisubiri izimike. Alikaza macho, kama mtu anayemlinda mwizi, akiingoja cheche ya pili.

Ikaja.