Ekseli ya Nyumbu

Kila asubuhi, kabla nyundo hazijaanza kelele zake, Bi Kimya alifagia gereji ya mjomba wake kutoka mlangoni hadi kwenye meza ya kazi. Ndio wakati alioupenda: hakuna wa kumwuliza kitu, hakuna jibu la kutafuta. Jina hilo alipewa na mjomba mwenyewe, maana tangu arudi kutoka chuo cha ufundi, maneno yalikuwa yakimtoka kama dawa ya meno iliyokwisha, mpaka uminye.

Leo ufagio ulipofika nyuma ya Nyumbu, uliacha mchirizi sakafuni. Akainama. Kulikuwa na doa dogo, rangi ya asali, karibu na gurudumu la kushoto. Akaligusa na kulisugua kati ya vidole. Liliteleza kuliko maji, lakini halikuwa zito kama oili.

Mafuta ya breki.

Nyumbu ni gari ambalo mjomba alikuwa amelibuni mwenyewe: bodi ya gari dogo la kutembelea, ekseli ya nyuma ya pikapu. Majirani waliliangalia lilivyobinua makalio, wakasema si punda, si farasi, na jina likaganda. Asubuhi hii ndilo lingemrudisha nyumbani mama yake Bi Kimya, aliyekuja kuwatembelea, kwa ile barabara inayoteremka mlima kwa kona tupu.

Alikuwa bado amechuchumaa mjomba alipoingia, na mama nyuma yake amebeba begi.

"Bi Kimya, unasali au umeangusha pete?"

"Mjomba, hapa chini kuna... kuna unyevu."

"Nimeliosha jana. Kwani Nyumbu hatoki jasho?"

Mama akacheka. Bi Kimya naye akacheka, kisha akajichukia kwa kucheka. Akachukua tochi, akajilaza chali na kuingia chini ya gari.

Paipu nyembamba ya breki ilipita juu ya ekseli, imefungwa kwa vipande vya tyubu kuukuu ya tairi. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazoea ya mjomba siku hizi. Betri, bomba la moshi, hata mlango wa choo, vyote alivifunga kwa tyubu. "Mpira haupigi kelele," alikuwa akisema, "wala hauna boliti ya kupotea." Kwa mlango wa choo, sawa. Lakini huku chini vipande vilikuwa vimelegea, paipu ikapata nafasi ya kucheza, na kila ilipocheza ilijisugua kwenye boliti ya springi. Mahali pamoja palikuwa pamelika hadi pakang'aa.

"Toka huko, mwanangu, tuondoke," mjomba aliita. "Mama yako anataka kufika na jua."

"Naangalia kidogo."

"Unaangalia nini?"

Sentensi alikuwa nayo, nzima, kwenye ncha ya ulimi. Lakini huyu ndiye aliyemlea tangu baba yake afariki, ndiye aliyemshikisha spana ya kwanza. Kumwambia kazi yake haifai, tena mbele ya dada yake, ingekuwa kumvua nguo hadharani.

"Labda tungekunywa chai kwanza," akasema.

"Chai tumekunywa wote!" mama akashangaa. "Kaka, huyu mtoto ana nini leo?"

"Anamwonea wivu Nyumbu."

Milango ikafunguliwa. Bodi ikalemea kulia, kisha kushoto. Wameketi.

"Dada, usiwe na wasiwasi," sauti ya mjomba ikasikika juu yake. "Breki hizi hapa, ngumu kama jiwe." Akakanyaga pedeli.

Pale palipong'aa pakatoka tone. Likavimba, likaning'inia, likamdondokea Bi Kimya begani.

"Mjomba, acha!" Sauti ilikuwa kubwa hata yeye mwenyewe akashtuka. "Paipu imelika! Gari hili haliendi popote, na mama yangu hasafiri nalo mpaka ifungwe paipu mpya!"

Miguu ikashuka, magoti yakalia, na mjomba akajisukuma chini ya gari hadi mabega yao yakagusana. Hakuonekana amekasirika. Bi Kimya akaelekeza tochi mahali penyewe. Mjomba akapitisha vidole juu ya paipu polepole, akapapita mahali penye tone bila kusimama. Akarudi. Akapapita tena.

"Hapo, mjomba. Kwenye mwanga."

"Ee, hapo." Kidole chake kilikuwa mbali, karibu na gurudumu.

Bi Kimya akautazama uso wake. Macho yalikuwa yamebanwa kwa nguvu, yakitafuta. Akamshika mkono taratibu, akaupeleka kwenye tone.

"Haya mafuta nayo yana aibu kama wewe," mjomba akajaribu kutania, lakini utani ukamfia mdomoni. Akavuta pumzi. Alipozungumza tena, hakunong'ona.

"Dada! Shuka, leo hatuendi."

"Kuna nini tena?"

"Sioni. Vitu vidogo vidogo sivioni tena. Vibanio vya paipu hizi vina boliti kama punje za mchele, zinanipotea mikononi. Tyubu ninaweza kuifunga kwa kupapasa, ndiyo maana nafunga tyubu. Niliona haya kukwambia, nikataka kukuteremsha mlima na breki nilizofunga kama kipofu. Breki za gari hili atazifunga mwanao, dada. Mimi nitamshikia tochi."