Meza ya Mashuka Machafu

Wifi yangu na mimi hatupatani, na sitaki mtu aje kutupatanisha. Ni dada wa mume wangu. Tumefanya kazi miaka tisa katika chumba kimoja cha dobi, hospitalini, yeye akikunja, mimi nikipiga pasi, na sijawahi kupata kwake salamu iliyonyooka. "Leo umeamka au umeletwa?" Ndiyo salamu yake.

Msimamizi wetu alipostaafu, afisa utawala akasema anayetaka nafasi aandike ukurasa mmoja, maono yake binafsi ya uongozi, ausome mbele ya wote, kisha tupige kura kwa mikono. Tuliojitokeza tulikuwa wawili, na hao wawili mshawajua.

Maono mimi nilikuwa nayo siku nyingi, na ndani yake mlikuwa na meza. Iko mwisho wa chumba, ya bati, ndipo mashuka ya wodini yanapomwagwa na kuchambuliwa kabla ya kuingia mashineni. Kuna damu, kuna matapishi, na mara nyingine kuna sindano iliyosahauliwa na nesi. Msimamizi ndiye aliyeamua nani asimame pale, na miaka yote alisimama aliyemuudhi. Ukichelewa, mezani. Ukijibu, mezani. Uongozi tuliujua hivyo.

Na mimi niliwahi kuuonja. Mwaka juzi msimamizi alikwenda likizo, nikakaimu mwezi mmoja. Wifi nikamweka mezani siku ya kwanza na sikumtoa. Kosa lake? Alimwambia mama mkwe kwamba sijui kulea. Zikiwa zimebaki siku mbili mwezi uishe, sindano ikapenya glavu, ikamchoma kidole gumba. Alimeza dawa za kujikinga mwezi mzima huku akitapika, na majibu ya mwisho akayasubiri miezi mitatu. Alitoka salama. Sikumwomba radhi. Nilisema ni bahati mbaya, nikaendelea kusema hivyo mpaka watu wakachoka kuniuliza.

Sasa huo ukurasa. Niliandika ushirikiano, nikaandika upendo, nikaandika tutafanya kazi kama familia. Mume wangu aliposoma alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Kama familia? Familia ipi, hii yetu?"

Nikamwambia ndugu wa adui hana kura.

Siku ya kusoma, wifi alianza. Mistari minne tu: anataka glavu nene, na saa ya chai isikatwe. Akakaa. Nikasimama mimi na ukurasa wangu, sauti nikaipandisha na kuishusha, nikaona nyuso zinalainika. Kumbe mwenzangu alikuwa ananisubiri. Akanyoosha mkono.

"Nina swali kwa mgombea mwenzangu. Ukipata hiki cheo, Jumatatu asubuhi nani anasimama mezani?"

Fundi wa mashine aliacha kutafuna kijiti chake. Kila mtu alijua jibu langu, na mimi lilikuwa limenikaa mdomoni. Nikisema "wewe," kura zimekwenda. Nikimtaja mwingine, nimempoteza yeye na rafiki zake.

"Mimi," nikasema.

"Siku moja?"

"Siku zote." Hapo hasira ndiyo iliyonijibia.

Afisa akaomba mikono inayonitaka. Mkono wa kwanza kupanda ulikuwa wa wifi, tena alikuwa anatabasamu. Nikajua nimejipalia makaa.

Jumatatu nilifika na kalamu mpya na funguo za chumba, nikidhani maneno ya Ijumaa yaliisha Ijumaa. Wifi alikuwa mlangoni, ameshika aproni ya mpira.

"Karibu, kiongozi. Maono yako haya hapa."

"Mwosha huoshwa," akasema fundi wa mashine, na chumba kizima kikacheka. Nilitamani kuwatukana wote, na baadhi yao niliwatukana. Lakini maji nilishayavulia nguo. Nikavaa aproni.

Wiki ya kwanza niliwachukia wenzangu. Wiki ya pili chuki ikahamia kwingine. Kwa siku tisa nilikuta mkasi, kijiko, na sindano tatu, na sindano zote zilitoka wodi moja. Miaka yote tumekaa kuchongeana na kupelekana mezani, na wanaotuletea sindano wanalala usingizi wao. Nikaziweka kwenye kopo la maziwa, nikapanda ngazi mpaka kwa muuguzi mkuu wa wodi hiyo, nikalibandika kopo juu ya meza yake.

"Kazi yako si kufua?" akaniuliza.

"Ndiyo. Na yako ni kujua sindano zako zilipo. Ikija nyingine, kapu la mashuka nalirudisha, mchambue wenyewe."

Alicheka. Kesho yake ikaja nyingine. Nililipandisha kapu zima mpaka katikati ya wodi yake, likiwa linanuka, nikasimama na mikono kiunoni mpaka manesi wakatoa shuka la mwisho. Muuguzi mkuu alipiga kelele. Na mimi sauti ninayo.

Mchana afisa utawala akaniita. Aliniambia sina adabu, akaniahidi barua ya onyo, kisha, shingo upande, akatoa agizo kila wodi ikague mashuka yake kabla ya kuyashusha. Barua nikamwambia ailete.

Niliporudi chini, wifi alikuwa mezani. Amevaa aproni yangu, kapu jipya limemwagwa, anachambua.

"Umechelewa," akasema. "Mashine zinasubiri."

Nikatazama mikono yake. Kile kidole gumba alikuwa amekikunja ndani ya kiganja, anachambua kwa vidole vinne. Mimi nikiguswa huwa natoka na ukali, sijui njia nyingine.

"Toka mezani kwangu."

"Imeandikwa jina lako?"

"Imeandikwa. Toka. Wewe hapa husimami tena, nikiwa mzima."

Akavua glavu moja, akavua ya pili, akaziweka juu ya bati.

"Imekuchukua miaka miwili," akasema, akarudi kwenye mashuka yake safi.

Nikavaa glavu.