Chini ya Duka la Saada

Watu wa Nachingwea walimcheka Saada miaka nenda miaka rudi. Shaibu alipofungua jumba lake la maduka, la kwanza huku kwetu kuwa na maduka yote chini ya paa moja, feni juu na vigae chini, kila mfanyabiashara aligombea chumba cha mlangoni. Saada akachukua cha mwisho kabisa, ubavuni mwa choo. "Jamani, kanga zako tuzinunue na harufu yake?" Walimtania mpaka wakachoka wenyewe.

Siri walikuwa nayo wawili, yeye na mumewe Amri. Kabla ya jumba, pale palikuwa shamba lao la mikorosho, na ndipo Amri alipomzika mtoto wao wa kwanza, aliyezaliwa mfu. Saada alikuwa bado kitandani. Na hata angekuwa mzima, kwao mwanamke haendi kuzika. Alikuja kuonyeshwa mahali tu. Shida ilipowabana wakauza shamba, na kaburi hawakulitaja. Nani angenunua?

Na jumba lilinoga, we acha! Sikukuu watu walitoka Mnero, walitoka Ruangwa, wengine hawanunui hata pipi, wamefuata upepo wa feni tu. Maharusi walipigia picha mle. Saada alifagia duka asubuhi, akamsalimia mwanawe kimoyomoyo, akauza. Kisha stendi ikahamishiwa upande wa pili wa mji, wateja nao wakaifuata. Maduka yakafungwa moja baada ya jingine, umeme ukakatwa, popo wakahamia darini. Shaibu alipofariki, wanawe wakauza. Mnunuzi alitaka kuvunja ajenge ghala la korosho.

Siku tingatinga lilipofika, Saada alikuwa amekaa sakafuni dukani mwake, kagoma kutoka.

"Mama, toka, ukuta utakuangukia," alisema Huzaifa, msimamizi wa kazi.

"Mwanangu yumo humu chini."

Huzaifa akamgeukia Amri aliyesimama mlangoni, akidhani mama wa watu kachanganyikiwa. Amri akainamisha kichwa. "Ni kweli. Nilimzika mwenyewe."

Tingatinga likazimwa. Vigae viling'olewa kwa mkono, zege likavunjwa taratibu, Amri akachimba. Hakikuonekana kitu ila udongo, mweusi kidogo kuliko wa pembeni. Saada akafungua doti mpya ya kanga, akauchota ule udongo, akaufunga. Hapo ndipo alipolia kwa sauti, kilio alichokibana tangu ujana wake.

Majirani, wake kwa waume, wakaenda naye mpaka makaburini. Pale wanawake wanapoishia, Amri akanyoosha mikono.

"Nipe, mke wangu."

"Mara ya kwanza mlimchukua nimelala," alisema Saada. "Leo sikupi."

Wanaume wakatazamana. Mzee mmoja akaguna, akataka kusema neno, akaghairi. Wakampisha. Saada akapita katikati yao, mzigo kaupakata kifuani, mkono mmoja umeshikilia pale ambapo pangekuwa kichwa.