Mgeni wa Kuoga

Theluji iliangusha nyaya za umeme saa moja asubuhi, tukiwa tunakunywa supu. Babu Tokujiro hakuuliza kama kuna aliyeumia. Aliuliza, "Koi anapumua?"

Koi ni samaki wake mwekundu-mweupe anayekaa stoo, kwenye tangi lenye pampu ya hewa, akisubiri mashindano ya Jumapili Tokyo. Pampu ikizima, koi hamalizi siku. Mimi mjukuu sina hata hita chumbani.

Koi alikuwa anapumua. Nyuma ya nyumba tuna mtambo mrefu kama friji. Unatoa hidrojeni kwenye gesi ya bomba, unaikutanisha na oksijeni ya hewani. Katikati kuna utando mkali kama mlinzi wa benki: protoni pita, elektroni zunguka nje. Elektroni zinazunguka kwenye waya, na huo ndio umeme wetu. Mwisho zote zinakutana na oksijeni upande wa pili, zinakuwa maji. Joto linalobaki linapasha maji ya kuogea.

Tabu ni kwamba tangi la maji ya moto likijaa, joto halina pa kwenda, mtambo unajizima. Na ukizima siku ambayo nyaya zimekatika, hauwaki tena, maana kuuwasha kunataka umeme wa nyaya. Saa nne kioo cha mtambo kilisoma kwamba tangi limejaa tisini kwa mia.

"Babu, tufungue bomba tumwage."

"Tumwage maji ya moto? We Chinami, umelelewa na nani?"

"Na wewe."

Basi tukaoga. Ila kwetu mtu anajisugua kwanza nje ya beseni, kisha wote wanaloweka miili kwenye beseni moja, maji yale yale. Nilioga mimi, akaoga babu, akaoga bibi Fumie. Saa sita: tisini na sita.

"Tutafute mgeni," nikasema. "Mgeni hapewi maji yetu. Lazima tumjazie mapya."

Babu akavaa buti. Barabara ilikuwa imezibwa. Nyumba pekee tuliyoweza kuifikia kwa kuchota theluji na koleo ni ya mzee Kosugi, ambaye koi wake alimshinda wa babu kwa pointi moja miaka mitatu iliyopita. Tangu hapo hata salamu hakuna.

Kosugi alifungua mlango akiwa na pampu ya baiskeli mkononi.

"Kosugi, njoo uoge," babu akasema.

"Miaka mitatu hunisalimii, leo unakuja kuniambia nanuka?"

"Sijasema unanuka."

"Umesema nioge."

"Usipooga, koi wangu anakufa."

Kosugi alitazama pampu yake ya baiskeli. Alikuwa akimpulizia samaki wake hewa tangu asubuhi.

"Naoga," akasema, "lakini huyu naye anakuja."

Tulimbeba koi wake kwenye mfuko wa plastiki, kama mchele. Tukamtia tangi moja na wetu, pampu moja. Kosugi akaingia kwenye maji mapya. Kioo kikashuka: sabini.

Baada ya saa nzima sauti ikatoka bafuni. "Tokujiro! Anapumua?"

Babu akaenda stoo, akainama, akarudi mlangoni.

"Wako anapumua, wangu pia," akasema. "Ongeza maji, usitoke."