Mshono wa Nje

Katika duka lile la ushonaji, kuvaa nguo kinyume ilikuwa aibu kubwa kuliko kupasukiwa na suruali mbele za watu. Mzee mwenye duka aliamini hivyo tangu alipoanza kukanyaga cherehani, na ndivyo alivyomfundisha mkwewe, mke wa mwanawe, ambaye ndiye aliyerithi mkasi. Mwana mwenyewe aliikimbia sindano akaenda kuendesha lori, na wiki hiyo, kama wiki nyingi, alikuwa safarini. Dukani walibaki watatu: mzee, mkwe, na mjukuu wa kike wa miaka mitano. Babu alimwita Karani, kwa kuwa kutwa alikuwa akipanga vifungo sakafuni kwa rangi na ukubwa, na ole wake mteja aliyekisogeza hata kimoja.

Karani alikuwa hasemi. Daktari wa watoto alisema ana usonji, na mama yake hakutoka kwenye chumba kile mpaka alipoelezwa akaelewa: masikio, macho na ngozi ya mtoto huyu vilipokea mambo kwa nguvu kuliko vya watu wengine. Majirani walikuwa na majina yao ya hali hiyo, yote ya kijinga, na hayana nafasi hapa.

Kilichomkondesha mama kilikuwa nguo. Karani alikubali fulana moja tu, kuukuu, na kila siku aliivaa kinyume, ndani ikawa nje. Ukimvalisha nyingine, anaivua. Ukimlazimisha, analia mpaka sauti inakauka. Shule ya kwanza ilimrudisha nyumbani siku ileile alipobaki kama alivyozaliwa mbele ya wenzake waliopanga mstari. Ya pili haikutaka hata kumwona. Iliyobaki ni ya tatu, na zaidi ya hiyo hapakuwa na nyingine ya kufikika kwa miguu.

"Mlete Jumatatu," mwalimu mkuu wa shule hiyo alimwambia mama. "Akikaa na sare yake mpaka mapumziko, nampokea. Akivua, mama, utanisamehe. Darasa lile lina mwalimu mmoja. Hawezi kumkimbilia huyu akaacha wengine."

Lilikuwa neno la haki, na ndiyo maana lilimuuma. Ungekuwa ubaya, angegombana.

Alijaribu kila alichokijua. Alitafuta kitambaa laini kuliko vyote, akakata lebo, akalegeza kola. Karani alivua. Kisha alasiri moja mama alikuwa anaigeuza ile fulana ili aifue, kidole chake kikapita juu ya mshono, kikasimama. Alikuwa fundi, kidole chake kilikuwa kimepita juu ya mishono mingi kuliko nywele za kichwa chake, ila hakuwahi kuuliza mshono unaigusaje ngozi. Upande ambao Karani aliuweka mwilini ulikuwa laini mtupu. Magumu yote aliyatoa nje.

"Mjinga mimi!" alisema kwa sauti. "Mtoto ananionyesha kila siku, nami kazi yangu kumgeuzia."

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Alimwendea mzee pale pale, fulana mkononi.

"Baba, sare ya Karani nataka niishone mishono ikae nje."

Mzee alitoa pini mdomoni, moja moja. "Unasema?"

"Ikae nje. Ndani pawe laini."

"Nguo iliyogeuka ni ya mwendawazimu. Watoto watamcheka, na wazazi watauliza nani kaishona."

"Wacheke, Baba. Bora wamcheke akiwa darasani."

"Mchelea mwana kulia hulia yeye. Mvalishe, alie, azoee. Sisi sote si tulizoea?"

"Hili si deko. Inamuuma."

"Mshono?" Mzee alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeambiwa mto wa kulalia umemchoma mtu. "Mshono unaumaje?"

Mama alichukua kitambaa cha gauni la sare. Alikaa kwenye cherehani yake akashona, na mzee akampa kisogo, akatazama barabara mpaka jua linaingia.

Lilikuwa gauni zuri, msije mkafikiri ni kazi ya kubabaisha. Kingo za mishono alizifunga kwa utepe mwembamba wa rangi ileile zisifumuke, akaweka vifungo vikubwa mbele, kisha akalifua na kulifua tena mpaka likalegea. Akaliacha kitandani kwa Karani, wala hakusema lolote. Karani alilinusa. Akalilalia. Jumamosi akalivaa mwenyewe, akarudi kwenye vifungo vyake, na mama akasimama mlangoni na beseni lake, anaogopa hata kuvuta pumzi. Jumapili likavaliwa tena. Jioni mama alilifua, akalianika ndani, akalala akiwa na furaha aliyokuwa ameisahau.

Jumatatu asubuhi alilikuta juu ya meza ya kupigia pasi. Lilikuwa limenyooka, mikunjo yake ingeweza kukata mkate, na mishono yote ilikuwa ndani.

Mzee alikuwa amesimama kando, anang'aa kama bwana harusi. Alikuwa ameamka alfajiri kwa kazi hiyo.

"Nimekumalizia," alisema. "Ulifanya kazi nzuri, ila uliiachia njiani. Nimeilaza mishono bapa, hata yeye hataisikia. Mjukuu wangu haendi shule kavaa kama hana kwao."

Msimwone mbaya. Alilifumua gauni lile kwa mapenzi, akalishona upya kwa mapenzi, na mapenzi ya fundi mzee ni kitu kigumu kukirekebisha. Kabla mama hajafungua mdomo, Karani aliingia, akaliona gauni lake, akanyoosha mikono avalishwe. Babu mwenyewe akamvalisha.

Kilio kilianza kabla kifungo cha tatu hakijafungwa. Karani alijipinda, akalivuta, vifungo viwili vikaruka, akabaki mtupu, akajitupa chini ya meza ya kukatia. Siku nyingine kelele hizo zikianza, mzee alikuwa akikumbuka ghafla kwamba uzi umekwisha, akatoka kwenda kuununua. Leo gauni lilikuwa mkononi mwake. Akainama, akachungulia. Mtoto alikuwa anajikuna ubavuni kwa kucha, toka kwapani mpaka kiunoni, akifuata mstari uleule ambao yeye babu aliupitisha mshono alfajiri.

"Baba," mama alisema, "leo nitakukosea adabu, na jioni nitakuomba radhi. Huyu hana maneno. Nguo ndiyo maneno yake. Alitwambia, mimi nikasikia, wewe ukaamka asubuhi ukayafumua. Kama unamwonea aibu, sema nijue. Mimi simwonei. Nitampeleka shule hii hata nimshonee gauni la karatasi."

Mzee aliligeuza gauni, akapitisha kidole juu ya mshono wa ubavuni. Mama hakumngoja, alichukua wembe, akalivuta gauni, akaanza kufumua upande wa kulia. Machozi yalimziba macho, lakini wembe haukukata kitambaa hata mara moja.

Kiti kikaburutwa. Mzee alikaa mbele yake, wembe wake mkononi, akauvuta upande wa kushoto. "Endelea," alisema. "Huu niachie mimi."

Wakafumua mpaka mwisho. Kisha mzee akakaa kwenye cherehani yake akashona, mishono nje, utepe juu ya kingo, na mama akarudisha vifungo kwa mkono. Kengele ya shule ikalia mbali. Mama akashtuka, sindano ikamchoma.

"Iache ilie," mzee alisema, bila kuinua kichwa. "Nguo ya haraka hurudi dukani."

Mama alilisugua gauni viganjani mpaka makali ya pasi yakafa, akaliweka sakafuni karibu na meza, nao wote wawili wakageuka upande wa pili. Mkono mdogo ukatokeza, ukalipapasa ndani, ukapapasa tena. Gauni likavutwa chini ya meza. Karani alipotoka, alikuwa amelivaa, na alikuwa na kifungo kimoja cha bluu mkononi ambacho hakuna aliyethubutu kumwambia akiache.

Mzee naye akachukua kofia yake. Mama alimtazama.

"Kwani njia ni yako peke yako?" mzee aliuliza.

Getini mwalimu mkuu alikuwa anapokea waliochelewa. Palikuwa na wazazi kadhaa, na mmoja wao, mteja wa siku nyingi, alimwangalia Karani juu mpaka chini akaangua kicheko.

"Mzee! Leo mlishona umeme umekatika?"

Mama alimgeukia. Akafungua mdomo, lakini mzee alimtangulia.

"Nimeshona mimi, kwa macho yangu mawili na mwanga wa kutosha," alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya barabara. "Mjukuu wangu huvaa mishono nje. Ukitaka ya mwanao, njoo dukani, ila utasubiri. Huyu ndiye wa kwanza."

Mteja akakohoa, akashughulika na begi la mwanawe.

Mwalimu mkuu alilitazama gauni, akamtazama mama. "Mama, hii ndiyo sare?"

"Rangi ni ile, kola ni ile, urefu ni ule," mama alijibu. "Mishono ikae wapi hukuniambia, mwalimu."

Mwalimu mkuu alitaka kukunja uso, ikamshinda. "Mpaka mapumziko," alisema, akafungua geti.

Karani aliingia bila kugeuka nyuma. Mlango wa darasa ukafungwa. Mzee alikaa juu ya ukingo wa ukuta. Mama hakuweza kukaa. Alisimama mikono imeshika nondo za geti, anasikiliza kama kuna kilio, na kila mtoto aliyepiga kelele darasa lolote alimkata maini.

Kengele ya mapumziko ikalia. Watoto wakamwagika uwanjani, wakapita mbio, wakapungua, wakaisha. Karani hakuwemo. Mama alianza kusema moyoni maneno atakayomwambia mumewe kwenye simu. Kisha mlango ukasogea, na mtoto mmoja akatoka peke yake, polepole, macho yake kwenye kifungo alichokuwa anakigeuza kwenye kiganja.

Alikuwa amevaa gauni lake. Vifungo vyote vilikuwa vimefungwa.

Mama alilia pale getini bila kujificha. Mzee alijifuta uso kwa kofia, akateremka ukutani, akajikung'uta suruali.

"Wewe mngojee," alisema. "Mimi narudi dukani kukata la pili. Hili likiwa kwenye kamba, kesho atavaa nini?"